Upepo wa Saa Nane

Kila asubuhi mchora ramani alifanya mambo yake kwa mpangilio uleule. Alimuaga shangazi yake mlangoni, akaminya matairi kwa kidole gumba, akakunja sketi yake ndefu ya kijani upande mmoja na kuibana kwa kibanio cha nguo, kisha akapanda baiskeli kwenda ofisini. Asubuhi hiyo kibanio kilifyatuka katikati ya makutano ya soko kuu. Pindo la sketi likaingia kwenye mnyororo, baiskeli ikagoma, naye akabaki amesimama kwa mguu mmoja huku magari yakimpigia honi mbele na nyuma.

"Usivute! Utaichana!" sauti ya mwanamume ilisema karibu na goti lake.

Aliyechuchumaa pale alivaa fulana ya njano iliyopauka kwa jua, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Alizungusha pedali kinyumenyume, taratibu, kana kwamba nyuma yao hapakuwa na lori linalonguruma.

"Samahani, dada, naishika sketi yako. Kidogo tu."

"Shika," akajibu, macho yake akiyaelekeza juu kwenye nyaya za umeme kwa aibu.

"Nyie wapenzi, hamieni kando!" dereva wa lori akapaza sauti. "Wengine tuna kazi!"

Sketi ikatoka ikiwa nzima, na safu ya alama nyeusi za meno ya gia. Yule mwanamume akasimama, akacheka, akafuta mikono kwenye kaptura yake.

"Mimi fundi baiskeli. Karakana yangu iko nyuma ya posta. Mnyororo wako umelegea, uje niukaze."

"Nitakuja," akasema yeye, ambaye kwa kawaida alihitaji siku mbili kuamua kumsalimia jirani mpya.

Alikwenda kesho yake, na keshokutwa. Mnyororo ulikuwa umeshakazwa, lakini alikuwa na sababu nzuri. Idara ya utalii ya manispaa ilikuwa imempa kazi yake ya kwanza ya peke yake: ramani ya njia za baiskeli za bonde la mto, kutoka daraja la zamani hadi kinu cha kusaga nafaka, kilomita thelathini za lami nyembamba. Na fundi alilijua bonde lile kuliko mifuko ya suruali yake.

"Nitakupeleka," fundi alimwambia. "Jumamosi nafunga saa sita. Saa saba darajani, saa nane tuko ndani ya bonde."

Jumamosi tatu mfululizo walikwenda. Fundi mbele, mchora ramani nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, kama alivyomfundisha. Mto ulikwenda kushoto kwao, rangi yake kama chai ya maziwa. Kulia kulikuwa na mashamba ya alizeti, vibanda vya kuhifadhia mahindi, na matete marefu yaliyoinama yote upande mmoja, yakipendeza mpaka akayachora kwenye jalada la ramani.

"Mchora ramani! Uko hai huko nyuma?"

"Niko hai. Nahesabu madaraja."

"Usisahau kuhesabu mbuzi."

"Mbuzi hawawekwi kwenye ramani. Wanahama."

"Na mimi je? Mimi sihami."

Masikio yakamwaka moto. Akaandika daftarini: *daraja la mbao, kilomita ya kumi na nne*.

Jioni simu iliita. Alikuwa fundi.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Miguu?"

"Ipo yote miwili."

"Haya. Basi..."

"Haya."

Kila simu iliishia kwenye hiyo "haya", na baada yake kimya kidogo ambamo mtu angeweza kusema jambo. Hakuna aliyesema. Shangazi, aliyekuwa akichambua mboga jikoni, hakujizuia.

"Mwanangu, huo mnyororo gani unakazwa mwezi mzima?"

"Shangazi, ni kazi."

"Na mimi nimekataa kwamba ni kazi? Nauliza tu atamaliza lini."

Ramani ikatoka. Nakala elfu moja, karatasi ya kung'aa, na jina la idara chini. Njia ya mto ilipakwa rangi ya kijani: *rahisi, tambarare, inafaa kwa familia*. Aliipeleka moja karakana, fundi akaibandika ukutani juu ya meza ya kazi, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi.

Siku kumi baadaye mkuu wa idara alimwita. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na hakumwambia aketi.

"Walimu wastaafu kumi na wawili wamerudi jana kwenye gari la kubebea nyanya. Mmoja alikuwa analia. Wanasema kuna upepo mle bondeni mchana unakurudisha nyuma ukiwa unakanyaga. Wewe umeandika familia. Uliipita njia hii kweli, au uliichora ukiwa mezani?"

"Niliipanda mara tatu, mama. Upepo ulikuwepo, lakini mdogo."

"Mdogo! Nataka masahihisho Jumatatu. Yasipofika, kazi nampa mwingine, na ya mabonde mengine pia."

Alitoka. Akampigia fundi akiwa kwenye ngazi.

"Mle bondeni kuna upepo mkali?"

"Alasiri? Sana. Kuanzia saa nane hivi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi... nilikuwa mbele yako."

"Najua ulikuwa mbele! Nauliza kwa nini hukuniambia. Kila mwendesha baiskeli wa mji huu anajua ila mimi. Umeniacha niandike upuuzi, ukaubandika ukutani!"

"Sikiliza, mpenzi, mimi ni—"

Lilikuwa neno ambalo hakuwa amewahi kumwita, na lilikuja wakati mbaya. Lilimwingia kama neno la kubembelezea mtoto.

"Usiniite hivyo," akasema, akakata simu.

Fundi alipiga mara nne siku ile. Hakupokea. Kesho yake alipiga mara mbili, kisha akaacha, na kule kuacha kukamuuma zaidi kuliko kule kupiga.

Jumamosi akaenda peke yake. Saa saba darajani, saa nane ndani ya bonde, alivaa suruali safari hii. Kwenye kona ya kwanza ya mto upepo ulimpiga kifuani kama mlango. Macho yakamtoka machozi, midomo ikakauka. Alikanyaga na baiskeli haikwenda. Akashuka, akasukuma, akapanda tena. Matete yaleyale yalikuwa yamelala mpaka chini, na safari hii hakuyaona mazuri.

Kilomita ya kumi trekta lilimpita, likivuta tela la nyasi. Akaling'ang'ania kwa nyuma bila kufikiri. Ghafla dunia ikatulia. Pedali zikawa nyepesi, nywele zikamlala kichwani, akasikia ndege majini. Hali hii aliijua. Hivi ndivyo njia ya mto ilivyokuwa siku zote.

Kisha trekta likakata shambani na upepo ukamrudia wote.

Akasimama kando ya barabara, mguu mmoja chini. Akamkumbuka fundi akifika kinuni, macho mekundu, akinywa maji chupa nzima bila kupumua. Naye alikuwa akimcheka kwamba anazeeka! Kilomita thelathini, mara tatu, fundi hakuwahi hata mara moja kumwambia "pita mbele kidogo". Yeye alichora njia rahisi kwa sababu njia yake ilikuwa rahisi. Mtu alikuwa akimkinga upepo, akiilipia kwa mapafu yake.

Alifika hadi kinuni, kwa saa tatu, kwa sababu masahihisho ni masahihisho. Aliandika kila kilomita. Kurudi, upepo ulimsukuma mgongoni mpaka mjini, na hakwenda nyumbani.

Karakana, iliyopaswa kufungwa tangu saa sita, ilikuwa bado wazi. Fundi alikuwa akinyoosha gurudumu, na muuza maziwa, mwenye hilo gurudumu, alikuwa amekaa juu ya kreti akimwangalia.

"Loo," akasema muuza maziwa. "Yule wa kwenye ramani."

Fundi alisimama na spana mkononi. Akamtazama vumbi la uso, na mistari miwili ya machozi ya upepo.

"Umekwenda peke yako?"

"Saa tatu nzima. Asubuhi itakuwa kijani, alasiri nyekundu. Ndivyo nitakavyoandika." Akavuta pumzi. "Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa. Nimejuta wiki nzima." Aligeuzageuza spana. "Siku ya kwanza nilitaka tu ulione bonde lilivyo zuri, usilichukie. Ya pili nikasikia unaimba huko nyuma. Ningekuambiaje? Ungeacha kuimba."

"Ningekucheka kwanza. Halafu ningeandika nyekundu."

"Mwambie pole, bwana," muuza maziwa akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Pole," akasema fundi. "Pole sana. Uliponikatia simu niliona kazi yako imeniponyoka mikononi. Na wewe pia."

"Nami nilikukemea bila kukusikiliza. Nisamehe."

Fundi akakuna shingo, akaacha alama ya grisi. "Jumamosi ijayo... kuna ile njia ya ng'ambo ya mto, haijapimwa bado. Kama idara inaitaka, tunaweza..."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa mchora ramani, jibu la siku zote: ndiyo, idara itafurahi, nitaleta daftari. Aliitazama ile fulana iliyopauka. Muuza maziwa alikuwa ameinama mbele kwenye kreti yake, na mchora ramani aliona haya mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini hakuondoa macho.

"Idara haijanituma," akasema. "Sketi haijaingia kwenye mnyororo na sihitaji kupima njia yoyote. Nimekuja kwa sababu nakupenda, fundi. Na Jumamosi nataka tupande sambamba, nikuone uso."