Kamera ya Kofia za Bi Sikuzani

Kila asubuhi, akishamaliza uji wake, Bi Sikuzani hukaa barazani na kushona kofia za viua. Viua ni vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, kimoja kimoja, kwa sindano ya mkono. Kofia moja humchukua miezi miwili. Mtaani kwao hapa Kondoa hakuna asiyeijua kazi yake.

Anayeziuza ni Asma, mke wa mwanawe. Huzipiga picha kwa simu na kuziweka mtandaoni. Mteja wa Dodoma akilipa, kofia husafiri kwa basi. Simu yenyewe ni mpya. Asma aliipenda dukani kwa sababu ilimpiga picha akatoka hana chunusi hata moja, na nani asiyependa kusifiwa?

Jumatatu moja ujumbe uliingia. Asma akausoma kwa sauti kabla ya kufikiri.

"Dada, hii ni kofia ya mashine. Acha kutudanganya."

Bi Sikuzani aliweka kofia chini.

"Miaka arobaini nashona," alisema taratibu. "Leo naitwa mwongo?"

"Si wewe, mama. Wananisema mimi."

"Kwani kofia ni ya nani?"

Siku ya pili hakushona. Siku ya tatu pia hakushona. Alikaa tu akitazama barabara. Asma alimwonea uchungu, akajiona yeye ndiye aliyemvunjia heshima.

"Mama Khairat, tatizo ni kamera," Swedi, mume wake, alimwambia Asma, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Nathanaeli anauza ile kamera yake kubwa. Tuuze mbuzi wawili tuichukue."

Nathanaeli ni jirani yao mpiga picha. Hupiga picha za pasipoti na za harusi. Asma na Swedi walimwendea na kofia moja mkononi. Walidhani atafurahi kuuza. Kumbe alikuwa na maswali.

"Dada Asma, mtu akija kununua kofia barazani kwenu, anafanya nini kwanza?"

Asma alifikiri. "Anaigeuza, anaangalia ndani jinsi uzi ulivyofungwa. Kisha anaielekeza kwenye mwanga aone viua."

"Basi huyo wa mtandaoni hawezi kuigeuza. Kamera ndiyo mikono yake. Usichague kamera kwa ukubwa wala kwa sifa za muuzaji. Chagua itakayomwonyesha kile ambacho angekishika. Na uijaribu kwa bidhaa yako kabla hujatoa hela."

Akaanza na kamera yake mwenyewe. Aliisogeza karibu na kofia, akapiga. Picha ikatoka na ukungu.

"Unaona? Lenzi hii ni ya harusi. Inataka nafasi. Ya kupiga vitu vidogo kwa karibu inanunuliwa peke yake, na mbuzi wawili hawatoshi."

"Kaka, unajiharibia biashara!" Swedi alicheka.

"Nitauza kwa mtu wa harusi. Nyie ni majirani zangu, nitauficha wapi uso wangu?"

Ikafuata simu mpya ya Asma. Picha ilitoka safi, inang'aa. Nathanaeli akaikuza kwenye kioo. Kofia ilikuwa laini kabisa. Viua havikuonekana.

"Simu hii inalainisha nyuso," alisema. "Inafuta chunusi. Imefuta na viua."

Asma alicheka, kisha akaigeukia tena ile kofia. Mkwewe aliitwa mwongo kwa sababu ya simu aliyoichagua yeye. Nathanaeli alizima ile sehemu ya kulainisha, wakapiga tena. Viua vilirudi kidogo, lakini nyuzi bado ziliungana.

"Lete na yako, Swedi."

"Yangu? Hii yenye kioo kilichopasuka?"

Nathanaeli aliifuta lenzi ya nyuma kwa kitambaa laini. Akapiga. Safari hii kila kiua kilionekana, na uzi wake.

"Ufa uko mbele," alisema. "Jicho lake liko nyuma, ni zima. Mnayo kamera tayari."

Kabla hawajaondoka aliwaelekeza zaidi. Wapige mchana karibu na mlango, pasipo jua kali. Wasiwashe taa ya simu. Kofia nyeupe iwekwe juu ya kitambaa cheusi kisicho na maua. Simu iegemezwe mahali isitikisike. Na picha moja haitoshi: wapige kofia nzima, wapige viua kwa karibu, wapige na upande wa ndani.

Mchana huohuo Asma alifanya hivyo. Alipoikuza picha, akaona kiua kimoja kimepinda. Alitaka kuifuta picha. Bi Sikuzani akasogea, akaitazama muda mrefu. Hakuwahi kuiona kazi yake kwa ukubwa ule.

"Kimepinda kweli," alisema. "Nilikuwa na homa siku ile."

"Niiondoe, mama?"

"Ni changu. Kiache."

Mbuzi walibaki zizini, na picha zikaenda mtandaoni. Kesho yake simu ililia. Alikuwa Anuari wa Dodoma, yule aliyeandika ule ujumbe.

"Dada, nimeona hicho kiua kilichopinda. Nimeona na nyuzi za ndani. Huo ni mkono wa mtu. Nimewakosea. Naomba niongee na mama."

Asma alimpa mkwewe simu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Sikuzani. Alisikiliza akiombwa radhi, na akiombwa auze kofia ile. Akavuta ncha ya kanga, akafuta macho. "Yameisha. Nimekusamehe. Lakini kofia hiyo siiuzi tena, nimeipenda mwenyewe. Nitakushonea nyingine. Hebu niambie, kichwa chako kina inchi ngapi?"