Siagi ya Honor Scanlan

Siagi ilipatikana upesi mno. Ng'ombe wawili tu, tena wakondefu, lakini Honor Scanlan alijifungia kwenye chumba cha maziwa, akasukasuka kidogo, akatoka na beseni limejaa. Mkwewe Sabina, mjamzito wa miezi minne, alipaka mkate, akatafuna, akatema. Ladha ya udongo. Na kucha nzima, ya njano.

"Mama, hii ya nani?"

"Kula wewe. Hiyo mimba inataka mafuta."

Nyumba ikaanza kunuka. Mchana kweupe nyayo za matope zilitokea mlangoni zikaelekea chumba cha maziwa, na hakuna aliyemwona mwenye miguu. Kisha kitu kikawa kinakwaruza pipa la kusukia maziwa kwa ndani, taratibu, na harufu ikazidi, ya panya aliyeozea chini ya sakafu, ikaganda kwenye nywele, kwenye mashuka, kwenye chai, mpaka Sabina akaona kinyaa kumeza hata mate yake.

Jumapili, Honor alipokwenda misa, Sabina alifunua pipa. Kwenye maziwa ulielea mkono wa mtu, umekatwa kwenye kifundo, ngozi imevimba inachunika. Aliutambua kwa kidole gumba kilichopondeka: wa mzee Mathias Durkan. Wiki tatu nyuma, kwenye mkesha wa msiba wake, aliugusa mwenyewe, kama kila mwombolezaji agusavyo maiti ili asimwote.

Alitapika, kisha akamwita mumewe, Fintan.

"Wazee walisema ukikorogea maziwa mkono wa maiti, siagi ya majirani inahamia kwako," Fintan alinong'ona. Akajifuta midomo. "Sabina, nimeila wiki tatu."

Waliuviringisha kwenye gunia, wakamsubiri padri amalize misa, wakaenda naye makaburini.

"Tumrudishie chake, atulie," padri alisema.

Walifukua, wakainua kifuniko. Mathias alikuwa na mikono miwili. Wa kulia ulikuwa wa mwanamke, ungali unachuruzika damu, una siagi kwenye kucha.

"Hiyo pete ya mama," Fintan alisema.

Walikimbia nyumbani. Honor alikuwa ameketi jikoni, kigutu chake amekifungia aproni iliyolowa damu.

"Alikuja kuudai," alisema kwa sauti ndogo. "Nikamfungulia pipa nimpe. Hamna kitu. Mngeuacha mahali pake, wanangu."