Nusu ya Mbele

Honi ndiyo iliyowainua watu vitini. Ililia mfululizo, bila kuvuta pumzi, kutoka banda la nyuma la yadi ya magari. Wageni waliokuwa chini ya turubai mbele ya ofisi walidhani ni mbwembwe za mwenye sherehe, wakapiga makofi. Ilipokatika, moshi ulikuwa umeshapanda juu ya paa. Walipofika bandani, Mzee wa Yadi alikuwa amekwisha, kainamia usukani wa gari lake kuukuu la Kijapani, lile alilolipenda kuliko wanawe. Wenye midomo walisema hata kuliko mama wa wanawe.

Asubuhi yake Inspekta alichutama mbele ya mlango wa banda lile na kukaa hapo mpaka polisi wenzake wakachoka kumsubiri, wakaenda kutafuta kivuli. Kituoni walimwita Bi Kobe. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na hakuna aliyemfuatilia akamponyoka.

Alikuwa anatazama komeo. Lilikuwa komeo la chuma la kusukuma, upande wa nje wa mlango. Moshi uliotoka kwenye nyufa ulikuwa umelipaka masizi meusi tii, isipokuwa ncha yake. Ncha ile, urefu wa kidole, iling'aa kama kijiko kilichooshwa. Inspekta akalisukuma polepole. Ncha ikaingia kwenye tundu lake ukutani, na sehemu yote iliyobaki nje ilikuwa nyeusi.

Akalirudisha, akainuka.

Nyuma ya banda, kwenye majani, aliokota kifuniko chekundu cha plastiki. Kilikuwa na maandishi ya Kijapani, na juu yake palikuwa na kipande cha kukwaruzia, kama ubavu wa kiberiti. Akakitia mfukoni.

"Unaokota takataka za nini?" Sauti ilitoka nyuma yake. Alikuwa mtoto wa marehemu, ambaye yadi nzima ilimwita Bosi Mdogo. Macho yalikuwa yamemvimba, na ngumi alikuwa amezikunja tangu jana. "Muuaji si mnaye? Fundi kagombana na baba asubuhi, mchana baba kachomwa. Unataka uandikiwe?"

"Waligombana kuhusu nini, mwanangu?"

"Kazi. Mambo ya kazi."

"Na nani kakwambia fundi alikuwa huku nyuma?"

"Mwalimu. Alimwona kwa macho yake akizungukazunguka bandani."

"Fundi alikuwa analiosha gari. Baba yako ndiye aliyemtuma."

Bosi Mdogo akamsogelea. "Sikiliza, Bi Kobe. Leo alasiri tunamzika baba. Tukitoka makaburini tunakuja kituoni, mimi na vijana wangu. Mtatupa fundi kwa mkono, au tutaingia kumchukua. Kama baba alivyoungua na yeye ataungua."

Hakuwa anatishia nyau. Njia nzima ya kurudi kituoni, Inspekta aliona vijana wa yadi wamekaa makundi makundi, na katikati ya kila kundi pana dumu.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni mwa selo, magoti kifuani, mikono yake bado ina grisi. Inspekta akamwonyesha kifuniko.

"Unakijua hiki?"

"Nakijua, mama. Cha baruti hicho. Sisi ndivyo tunavyoiita, ila si baruti. Ni kijiti cha moto cha dharura. Kule Japani kila gari huwa nacho, kimebanwa mbele, pale abiria anapoweka miguu. Ukiharibikiwa njiani usiku unavua kifuniko, unakwaruza, kinawaka moto mwekundu wenzako wakuone. Maji hayakizimi upesi."

"Gari la Mzee lilikuwa nacho?"

"Hapana. Magari yote ya pale yadi mimi huvitoa yakishuka tu, nawapelekea watu wa zimamoto. Tangu niajiriwe hakuna gari lililouzwa na kijiti. Wanunuzi walikuwa wanaviogopa, mmoja alidhani ni bomu, akaliacha gari barabarani na mkewe ndani."

"Kwa hiyo hiki kimetoka kwenye gari lililoingia yadi kabla yako."

"Au gari ambalo halikupita yadi kabisa."

"Jana asubuhi mligombana nini na Mzee?"

Fundi akatazama mlango. "Nikisema, yule mtoto wake ataniua."

"Usiposema atakuua hivyo hivyo, tena alasiri hii."

Akasema. Alisema kwa sauti ya chini, na Inspekta akamsikiliza bila kumkatiza mpaka mwisho. Alipotoka selo alimwambia askari wa zamu afunge geti la nje kwa minyororo, kisha akaenda zahanati.

Nesi alikuwa anafunga bandeji. Gari lake dogo la Kijapani lilikuwa nje, limepauka boneti lakini limesuguliwa likasugulika.

"Ile sherehe ilikuwa nzuri, afande, acha tu," alisema. "Chama chetu ni cha wenye magari ya kampuni ile moja. Mzee alitusimulia vizuri jinsi kampuni yenyewe ilivyoanza na mashine za kufuma nguo, haijui hata gurudumu, mpaka leo dunia nzima inaendesha. Halafu kila mtu akawa anasimama kusimulia gari lake. Mimi nikasimulia langu linavyoongea Kijapani kila nikiliwasha. Miaka yote hii sijui linaniambia nini. Mume wangu anasema linanitukana."

"Mzee alikuwepo ukisimulia?"

"Ndiyo kilichoniuma! Nimefika patamu, Mwalimu kamwinamia sikioni kamnong'oneza, Mzee kainuka mbio, hata hakuniaga. Mwalimu naye akamfuata. Nikasema haya, hadithi yangu imewachosha."

"Mwalimu gani huyu?"

"Mwalimu wa udereva. Ndiye aliyekuwa anaongoza sherehe. Mtu mpole huyo, nusu ya madereva wa hapa kawafundisha yeye. Na ndiye aliyefika wa kwanza bandani akafungua mlango, mkono wake umeungua, nimemfunga bandeji mwenyewe." Nesi akashusha sauti. "Maskini, moto na magari vimemwandama. Binti yake wa pekee alifia kwenye gari. Lilikatika katikati barabarani, afande, kama mkate. Alilinunua pale pale yadi, na mabaki yake baba mtu kayaweka nyuma ya nyumba mpaka leo."

"Kabla ya fundi huyu kuja?"

"Kabla. Wakati huo kazi za gereji alikuwa anazifanya Bosi Mdogo mwenyewe."

Jua lilikuwa limeanza kuegama Inspekta alipogonga kwa Mwalimu. Ilikuwa nyumba ndogo safi, viatu vimepangwa mlangoni. Mwalimu alimkaribisha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na bandeji.

"Sikwenda kuzika," alisema. "Mkono unaniuma."

"Pole sana, Mwalimu. Nimesikia ulijaribu kumwokoa."

"Nilichelewa, afande."

"Ulipofika mlango ulikuwaje?"

"Ulikuwa umerudishwa tu. Nikauvuta, ukafunguka, moshi ukanipiga usoni."

"Haukuwa umefungwa komeo?"

"Haukuwa. Ungekuwa umefungwa ningekwambia."

Inspekta akatoa kifuniko chekundu, akakiweka mezani. "Na hiki?"

Mwalimu alikitazama kidogo mno. "Sikijui. Labda cha dawa."

"Mtu aliyefundisha udereva miaka yote hii hakijui?"

"Siwezi kujua kila kitu, mama."

"Kweli. Hebu twende nyuma ya nyumba."

Hakubisha. Nyuma palikuwa na uwanja mdogo uliofagiliwa, na katikati yake kitu kirefu kimefunikwa turubai lililowekewa mawe pembeni. Inspekta alilivuta. Likaonekana gari jekundu, au vipande viwili vyake: nusu ya mbele na nusu ya nyuma, zimewekwa zikitazamana kama watu waliogombana. Pale zilipoachana palionekana mstari wa kuchomelea, mnene na mbaya, na rangi iliyopakwa juu yake kuuficha.

Inspekta akainama upande wa abiria. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali, jeupe, la muda mrefu. Palikuwa na kibano kitupu, na juu ya kibano kile vumbi halikuwepo.

"Nilidhani ungekuja kesho," Mwalimu alisema nyuma yake. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Wanasema wewe ni wa polepole."

"Komeo lilikuwa limefungwa, Mwalimu. Ncha yake haina masizi, maana ilikuwa ndani ya tundu moto ukiwaka. Aliyelifungua ni wewe, na umeniambia hukulikuta limefungwa. Mtu asiye na la kuficha angekuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Mzee alifungiwa."

Mwalimu akakaa juu ya kizingiti cha nusu ya nyuma, pale ambapo zamani watoto wangekaa.

"Unajua jinsi lilivyoingia nchini? Nusu mbili za magari mawili yaliyopondeka. Moja limegongwa mbele, jingine nyuma. Wakazikata, wakazichomelea, wakapaka rangi, wakamwuzia mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, afande. Kioo, mkanda, ishara, vyote alifanya. Alifika kwenye kona, mbele ikakata kona na nyuma ikaenda zake." Alimeza mate. "Nilikwenda yadi. Mzee akaniambia magari ya kampuni hii hayana tatizo, dunia nzima inayasifu, labda binti alikuwa na haraka. Nikamshika mkono nikamshukuru. Siku hiyo hiyo nikajiunga na chama chake."

"Ukangoja."

"Nikangoja, nikawa namchekea. Nikaongoza sherehe zake. Nikamtazama akimpapasa mzee mwenzie wa chuma pale bandani kama anambembeleza mtoto. Nikasema huyu nitamwasha kwa moto wa gari la mwanangu, siyo kiberiti cha dukani."

"Ulitaka gari liungue au yeye?"

"Gari!" Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nilikiwasha kijiti nikakitupa kwenye viti, nikaenda kumnong'oneza gari lako linatoa moshi. Nilitaka aone. Aone tu, kama mimi nilivyoona. Lakini aliingia ndani kulitoa, afande. Kwa mwanangu hakuinuka hata kwenye kiti. Kwa bati lile akaingia motoni. Nikaliangalia komeo. Nikalisukuma."

"Na fundi?"

Mwalimu akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Inspekta kuliko yote aliyosikia. "Bado alikuwa amebaki mtoto wake. Aliyeshika mashine ya kuchomelea ni nani? Nikamwambia nimemwona fundi bandani. Namjua hasira zake. Atamwua fundi, mbele ya watu, na nyie mtamfunga mpaka azeekee ndani. Baba kwa mkono wangu, mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Fundi naye si mwenzao? Si anakula kwao?"

Inspekta akaketi kwenye nusu ya mbele, wakawa wanatazamana kama zile nusu mbili.

"Unajua fundi aligombana na Mzee kuhusu nini jana asubuhi?"

"Mshahara, sijui."

"Kuna gari jingine la nusu mbili, ndani ya ghala la yadi. Limeshapata mnunuzi, mama mmoja na watoto wake. Walimwambia fundi alichomelee. Akakataa. Akawaambia akiona mashine ya kuchomelea imewashwa atakwenda polisi mwenyewe. Mzee akamfukuza kazi, akamwambia aoshe gari la sherehe ndiyo aondoke."

Mwalimu akageuka kuutazama ule mstari wa kuchomelea.

"Mtu mmoja tu pale yadi alisimama upande wa binti yako, Mwalimu, bila hata kumjua. Na saa hii watu wanatoka makaburini wakiwa na madumu kwenda kumchoma."

Mwalimu aliinuka kwa shida, akiushika mlango wa gari kwa mkono wenye bandeji, na maumivu hakuyasikia. "Nipeleke," alisema. "Nipeleke haraka, mama. Kimbia."

Kwa mara ya kwanza watu wakamwona Bi Kobe akikimbia.

Walifika geti la kituo likiwa linatikisika. Bosi Mdogo alikuwa juu ya ukuta tayari, dumu mkononi, na kutoka ndani sauti ya fundi ilisikika ikimwita mama yake. Mwalimu akapanda kwenye boneti la gari la polisi lililoegeshwa nje ya geti.

"Mimi!" alipiga kelele kwa sauti ile aliyokuwa akiwafokea nayo wanafunzi wake wakipitiliza alama. "Baba yako nimemfungia mimi! Njoo uniulize kwa nini, niwaambie na hawa uliokuja nao!"

Akawaambia. Alipofika kwenye mstari wa kuchomelea, dumu la kwanza liliwekwa chini. Mwenye dumu hilo alikuwa kijana aliyefundishwa udereva na Mwalimu, wakijifunzia gari moja na binti yule. Likafuata la pili. Bosi Mdogo aliteremka ukutani akiwa peke yake, akakuta Inspekta anamsubiri chini na pingu.

"Mimi ndiye niliyefiwa!" alilia. "Mimi nimemzika baba yangu leo!"

"Pole, mwanangu," Inspekta alisema, akamfunga mikono. "Ufunguo wa ghala uko wapi?"

Aliwapitisha wote wawili kwenye ukumbi mmoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Fundi alikuwa anatoka. Mwalimu akasimama, akataka kusema kitu. Fundi alimtazama mkono ule wenye bandeji, akapita, akaenda kunawa grisi.