Dakika Moja ya Gari la Pwani

Ijumaa ya mwisho wa Agosti, mwaka 1996, stesheni ya Daraja Mbili ilijaa watu kiasi kwamba paka wa stoo alikuwa amekimbilia juu ya mizani. Wafanyakazi wa viwandani walisubiri gari la moshi la kuwarudisha mjini, wachuuzi wa njugu walijipenyeza baina yao, na mbele ya dirisha la vifurushi alisimama msichana mwenye buibui jeusi lililoachwa wazi, ndani yake gauni la rangi ya ndimu alilolishona mwenyewe. Huyo alikuwa Muhiba, fundi cherehani wa sare za shule huko Kariobangi, Nairobi.

"Kikapu changu ni kile pale," alisema akinyoosha kidole. "Kimeandikwa jina langu. Nakiona."

"Mimi pia nakiona," karani alijibu. "Nisichokiona ni stakabadhi."

"Stakabadhi imo ndani ya barua, na barua iko njiani. Kikapu kikiitangulia barua, hilo nalo ni kosa langu?"

"La. Hiyo ni sifa ya reli."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Karani hakucheka. Jina lake Luseno, umri wake miaka ishirini na tisa, shati lake jeupe limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono. Shule ya bweni ilikuwa imemlea kwa kengele tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, na alipotoka huko alikwenda moja kwa moja kwenye kazi yenye kengele nyingine.

"Ndani mna samaki wa kukaanga, bwana. Utalala naye humo?"

"Atapata hewa safi kuliko ya Kariobangi."

Jumatatu Muhiba alirudi na stakabadhi. Luseno alikipima kikapu mbele yake, akamwonyesha kwamba uzito ulikuwa uleule ulioandikwa Mombasa, akamkabidhi. Muhiba alifungua chupa ya achari ya ndimu iliyotengenezwa na mamaye, akamsogezea.

"Mfanyakazi wa reli hapokei zawadi ya abiria," Luseno alisema.

"Basi nitakula mbele yako, uone unachokosa."

Alikula kipande kizima, akafumba macho kwa ukali wake, akalamba kidole. Hapo ndipo Luseno alipocheka kwa mara ya kwanza akiwa amevaa sare.

Tangu siku hiyo kila kikapu kilichotoka pwani kilikuwa na watu wawili waliokingoja. Magari yakiwa yameadimika mchana, Luseno alimtembeza Muhiba stesheni nzima, kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba ya babu yake. Alimwonyesha tangi lililonywesha injini za mvuke, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, ambacho ndicho kilichokuwa kengele. Alimwonyesha vyumba vitatu vya kusubiria, vilivyojengwa enzi za wakoloni: cha Wazungu kilichokuwa na meko, cha Wahindi kilichokuwa na mabenchi, na cha Waafrika ambacho hakikuwa chumba bali paa lililosimama juu ya nguzo.

"Na sasa chumba cha Wazungu mnakitumia kwa kazi gani?" Muhiba aliuliza.

"Kinahifadhi vifurushi. Samaki wako alilala humo siku tatu."

"Samaki wa mama yangu karibu na meko ya Wazungu. Nitamwandikia."

Mwishowe alimwonyesha daftari la nyakati. Kila gari lilikuwa na mstari wake, na kila mstari uliishia kwa safu yenye kichwa: Sababu ya kuchelewa. Gari likizuiliwa hata kwa dakika moja, msimamizi wa zamu, ambaye katika stesheni ndogo kama hiyo ndiye pia karani, aliwajibika kuandika kwa nini, kisha kutia sahihi. Katika zamu za Luseno safu hiyo ilikuwa tupu kwa miaka mitatu na nusu.

"Nyeupe kama sanda," Muhiba alisema. "Wewe ni Bwana Dakika kweli. Na mimi sijawahi kufika popote kwa wakati. Tutaishije?"

"Nitaisogeza mbele saa ya nyumbani bila kukwambia."

Suala la dini, yeye Mkristo na Muhiba Mwislamu, waliliweka kando bila kulisahau. Mama yake Muhiba alikwisha kutuma neno kutoka Kibokoni, Mombasa: kijana aende Disemba ya mwaka uliofuata, amwone uso kwanza, mengine yazungumzwe akiwa ameketi. Kila jioni, baada ya gari la pwani kupita, simu ya stesheni ililia. Muhiba alipiga kutoka dukani kwa Qorane, Shauri Moyo, chini ya chumba alichopanga.

"Laazizi, gari limekwenda?"

"Limekwenda kwa wakati."

"Sikuulizi wakati, nakuuliza kama limekwenda."

Mwaka 1997 mvua ilinyesha kama isiyojua kuacha. Mwezi Novemba barabara ya Mombasa ilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, na mabasi yakarudi Nairobi na abiria wake. Reli peke yake ndiyo iliyokuwa ikipitika. Alhamisi, tarehe kumi na tatu, simu ililia kabla ya saa yake.

"Luseno." Sauti haikuwa na utani. "Mama amefariki. Alasiri hii."

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

"Nakuja nipande gari la leo. Sina njia nyingine. Huku maji yamefika magotini. Nishikie gari."

"Linaingia saa moja na robo. Linasimama dakika mbili."

"Ratiba yako naijua, ndiyo maana nakuomba. Likihitajika kungoja, ni dakika moja tu."

Luseno alilitazama daftari lililokuwa wazi mezani. "Fanya haraka," alisema. Muhiba alikata simu akiamini kwamba ameahidiwa.

Gari la pwani liliingia kwa wakati, taa za mabehewa zikimeremeta juu ya madimbwi. Abiria waliteremka, wengine wakapanda. Gadi aliyelisindikiza gari hilo, Mzee Muindi, alisimama mlangoni mwa behewa la mwisho akiwa na filimbi mdomoni, akingoja bendera ya kijani ya Luseno. Dakika ya kwanza ilikwisha. Ya pili ilipokaribia kwisha, Muhiba alionekana juu ya daraja la waendao kwa miguu, viatu mkononi, leso imemganda mwilini kwa mvua.

"Luseno!" aliita.

Muindi alimwona. "Bwana Luseno," alisema, "yule si wako?"

"Ni yeye."

"Basi?"

Luseno aliitazama saa yake. Katika kifua chake mlikuwa na mambo mawili, na yote mawili aliyaona kuwa ya haki. La kwanza lilikuwa safu ile tupu. La pili lilikuwa mazishi kama alivyoyajua kwao Maragoli, ambako maiti hungoja wiki mbili ili mwana wa Kitale afike, na binti wa Mombasa afike, na kwaya ifanye mazoezi. Kesho jioni kutakuwa na gari jingine, alijiambia. Atamwekea nafasi ya dirishani. Akainua bendera ya kijani.

Filimbi ililia. Muhiba alifika jukwaani wakati taa nyekundu ya behewa la mwisho ilipokuwa ikipinda kuelekea Embakasi. Kijana mmoja wa viwandani, aliyekuwa akijikinga mvua chini ya paa, alimtazama Luseno kutoka kofia hadi viatu.

"Masta, si ungengojea tu huyo dem? Una roho ya chuma, buda."

Luseno alimwendea Muhiba na mwavuli. "Kesho," alisema. "Nitakuwekea nafasi ya dirishani." Muhiba alimtazama kama anayejaribu kukumbuka jina lake, kisha akageuka na kulipanda tena daraja.

Ijumaa gari la pwani liliondoka, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Jumamosi Luseno alivaa suti nyeusi, akaenda Shauri Moyo. Alimkuta Muhiba ameketi mkekani, amejifunika kanga mbili.

"Jana hukuja," alisema kwa upole. "Nimeomba likizo nikusindikize. Nimeomba kuanzia tarehe ishirini na nne, maana nilikadiria wiki mbili. Mazishi yamepangwa siku gani?"

"Mama alizikwa jana, baada ya sala ya Ijumaa. Sisi maiti hatumweki, Luseno. Waliningoja hadi saa sita kwa kuwa gari lilikuwa likifika asubuhi. Ndugu yangu alikwenda stesheni kunipokea. Alitazama kila behewa."

Luseno alibaki amesimama wima. "Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Wala sikuulizi hilo. Nakuuliza neno moja. Ungejua, ungenisubiri?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema ndiyo, au hata kupiga magoti na kunyamaza. Luseno alikuwa mtu wa kweli, na alijivunia ukweli wake kuliko alivyoujali moyo wa aliye mbele yake.

"Gari lina watu mia sita," alisema. "Nikimsubiri kila mtu..."

"Mimi si kila mtu."

"Kanuni haina jina la mtu, Muhiba."

"Nenda nayo basi. Ikupikie, ikufulie."

Simu ya jioni haikulia tena. Vikapu navyo vilikoma, kwa kuwa aliyevituma hakuwapo. Mara nyingi Luseno aliinua mkono wa simu, akazungusha tarakimu mbili au tatu za namba ya Qorane, akaurudisha. Alijiambia kwamba aliyekosewa heshima ni yeye, aliyeambiwa maneno makali katika suti ya msiba. Akalala na uongo huo miaka miwili, na safu ya daftari ikazidi kuwa tupu.

Mwezi Septemba 1999 tangazo lilibandikwa kwenye dirisha la tikiti: gari la pwani lingesimama Daraja Mbili kwa mara ya mwisho tarehe thelathini. Vifurushi navyo vingepokelewa mjini pekee. Jioni ya tarehe thelathini simu ililia.

"Stesheni ya Daraja Mbili," Luseno alisema.

"Sikuombi chochote," sauti ilisema. "Nauliza tu kama gari la leo bado lipo."

Alikaa chini. "Lipo, Muhiba."

"Nina cherehani na masanduku mawili, na mtu wa mkokoteni bado hajafika. Asante."

"Muhiba, nataka..." Lakini simu ilikuwa imekatwa.

Gari liliingia saa moja na robo. Muindi, aliyekuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu, alisimama mahali pake pa siku zote. Dakika mbili zilikwisha. Luseno hakuinua bendera.

"Wakati umefika, Bwana Luseno."

"Naona, mzee."

Muindi aliitoa filimbi mdomoni. Alitazama daraja, kisha akamtazama Luseno, kisha akaufuta uso wake kwa leso ya mfukoni. Mkokoteni ulitokea kwenye kivuko, cherehani ikiyumba juu yake, na Muhiba nyuma yake akisukuma, gauni lake la kijivu limekunjwa kiunoni. Luseno aliiweka bendera chini, akabeba cherehani kwa mikono yake mwenyewe hadi behewani.

Muhiba aliketi dirishani. Alikuwa amekonda kidogo, na wanja wake ulikuwa umeingia jasho.

"Umenisubiri," alisema.

"Nilipaswa kukusubiri siku ile. Hata kama mazishi yangekuwa baada ya mwezi, nilipaswa kukusubiri. Nisamehe."

"Nimeposwa, Luseno. Harusi ni Shaabani, nyumbani kwa mama." Alisema bila ukali, akaugusa mkono wake uliokuwa juu ya fremu ya dirisha, kwa ncha za vidole tu. "Maneno haya niliyangoja mwaka mzima dukani kwa Qorane. Kila simu ilipolia nilishuka ngazi mbio. Safari hii si mimi niliyechelewa."

Luseno alirudi nyuma hatua moja, akaokota bendera, akaiinua. Filimbi ya Muindi ilitoka hafifu.

Taa nyekundu ilipokwisha kupotea, aliingia ofisini, akalifungua daftari. Katika safu ambayo haikuwahi kuguswa na kalamu yake, aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Dakika moja. Sababu: Muhiba binti Faki, abiria, alikuwa njiani. Akatia sahihi, akasoma alichoandika. Sababu hiyo ilikuwa ileile iliyoonekana darajani siku ya mvua, na ingetosha siku ile pia.