Nafasi ya Mguu Mmoja

Jioni hiyo Nthiwa hakuwa na wazo lolote baya, alitaka tu kumfikisha mkewe nyumbani. Mukonyo alikuwa ametoka kliniki, ana mimba ya miezi saba, na mvua ilikuwa imekwamisha magari yote ya town. Nthiwa, kondakta wa treni iendayo Kikuyu, akampandisha behewa lake na kumsimamisha kwenye pembe karibu na mlango. Viti vilishajaa kitambo.

"Hapa hakuna mtu atakugusa," alimwambia.

Alijidanganya, maskini.

Wenzake Nthiwa husukuma abiria kwa mikono. Yeye alitumia mgongo. Alishika vyuma vya mlango, akawapa mgongo, akawashindilia ndani. Waliozidi aliwatoa kwa mgongo huohuo. Ukiona uso wa mtu utamhurumia, alipenda kusema, na treni haitaondoka.

Mwezi uliopita Peres, mama muuza omena, wale dagaa wadogo, alidandia treni ikiwa ishaanza kwenda. "Kondakta, nipe tu nafasi ya mguu mmoja." Nthiwa akampa mgongo. Kwenye ripoti aliandika kwamba mama aliteleza. Walimzika kwao, Siaya.

Jioni hii ya mvua treni iliondoka. Kituo cha kwanza haikusimama, wala hakupanda mtu. Lakini behewa likazidi kujaa.

"Nani anasukuma huko nyuma?" mzee mmoja alilalamika.

Taa zikafifia. Halafu harufu... Omena. Omena iliyolowa mvua.

"Nthiwa," Mukonyo alisema kwa shida. "Wananifinya. Tumbo..."

Nthiwa akajipenyeza, akasimama mbele ya mkewe, akawapa abiria mgongo na kusukuma kwa nguvu zake zote. Umati haukurudi nyuma hata kidogo. Kitu baridi kilikanyaga mgongo wake, katikati kabisa, kikamsukuma kumwelekea mkewe.

Polepole.

"Kondakta," sauti ilinong'ona sikioni. "Niliteleza?"

Aliijua sauti hiyo. Akisema ukweli, kazi imekwisha, na pengine jela inamngoja. Akinyamaza... Mukonyo alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, mikono imekumbatia tumbo.

"Niliteleza?"

"Hapana," Nthiwa alisema, machozi yakimtoka. "Hukuteleza. Nilikusukuma."

Watu wakapumua. Nafasi ikapatikana, pana, hata mzee yule akaketi sakafuni. Wengine walisema ni treni ilipinda kona. Lakini harufu hakuna aliyeieleza, na kikapu cha omena hakikuwepo.

Mukonyo alikuwa akimtazama mumewe. "Ulimsukuma nani?"

Nyumbani alivua shati. Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya tope, unyayo mmoja mdogo wa mwanamke. Mukonyo alilifua mara tatu kwa sabuni ya kipande. Alama ilibaki palepale. Asubuhi akalikunja, akampa mumewe mkononi.

"Nenda ofisini. Ukaandike upya ile ripoti."

Alienda. Haron, karani anayepokea ripoti, alimsalimia, akamwekea karatasi na kalamu mezani. Kisha akatazama nyuma ya Nthiwa, akainuka, akavuta kiti cha pili.

"Mwambie mama aketi," alisema. "Anaonekana amesimama sana."