Awuor Kwenye Wodi ya Watoto

Soko la samaki la Homa Bay lilikuwa limefurika watu, na Marcella, aliyetoka hospitalini kununua sabuni, akagongana na mumewe Javan ana kwa ana. Shati jeupe la terilini, nywele zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Naye alimdhania yuko Migori na cherehani yake!

"Heh, fundi! Mtoto ako wodi, na wewe unatembea mjini kama bwana harusi?"

"Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, mrembo wangu, pole pole. Watu wanaangalia."

"Waangalie! Huyo bibi mwingine uliyemvalia hivi anaitwa nani?"

Javan aliinamisha kichwa. "Awuor."

Marcella alilijua jina hilo. Awuor alikuwa mke wa kwanza wa Javan. Alifariki akijifungua katika hospitali hiyo hiyo, yeye na mtoto wake, zamani kabla Marcella hajapendwa.

"Nakuja hospitali kila siku," Javan alisema. "Nafika geti, narudi. Ananijia ndotoni. Anasimama mlango wa wodi, amelowa, hasemi kitu. Nikiingia, ataingia na mimi. Atachukua mtoto wetu."

Marcella alishikwa na huruma na wivu kwa pamoja, na wivu wa kumwonea marehemu hauna dawa. Lakini binti yao, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikuwa amekataa maziwa tangu jana. Sista Helen, muuguzi wa wodi, aliyechoka kuona wazazi wakichungulia dirishani na kuamua kuwafungulia mlango, alikuwa amemwambia wazi: asipomeza leo, tutampoteza.

"Basi aingie," Marcella alisema. "Njoo naye."

Wodini, Sista Helen aliwanawisha mikono hadi viwiko. "Baba, fungua shati, mweke kifuani apate joto. Mama, shika kijiko. Mimi nina wodi nzima. Huyu ni wenu."

Mtoto alilia kilio chembamba, maziwa yakimtiririka shingoni. Javan akafanya kama wafanyavyo kwao mtoto anapolia bila kukoma: akaanza kumwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mwenye jina aridhike na jina lake libaki kwa mtoto. Nyanya yake. Mama yake. Shangazi zake wote. Kilio kilizidi. Likabaki jina moja, na hilo lilimshinda kutamka.

Ulikuwa mchana kweupe, lakini baridi iliingia wodini. Marcella hakugeuka kutazama mlango. Aliogopa.

"Awuor," aliita, kama mtu anayemkaribisha mgeni asiyempenda. "Awuor, kunywa."

Mtoto akanyamaza. Akameza, kisha akafungua mdomo tena.

"Nisamehe, mpenzi," Javan alisema, machozi yakimtoka.

"Usilie, unamtikisa."

Alimpenda mumewe, na siku ile alimpata tena. Ila alijua kuwa maisha yake yote, kila jioni chakula kikiiva, atasimama mlangoni pake na kumwita mwanamke yule aje ale.