Neno Lililokula Mbuzi

Toba, watu walivyojaa gulioni Kilindoni asubuhi ile! Arafa binti Shamte alikuwa akichagua vibua, kaniki ameifunga kifuani, aliposikia nyuma yake sauti aliyoikimbia mwezi mzima.

"Arafa, mwandani wangu! Leo u faini kweli kweli!"

Ni Ussi, mchumba wake, mkalimani wa Waingereza tangu walipowatoa Wajerumani kisiwani mwanzoni mwa mwaka ule. Alivaa koti kuukuu la mzungu, linanuka jasho la mzungu.

"Umeniitaje? Baba yangu umemtoza faini, na mimi unanigeuza faini?"

"Masikini, hujui! Kwa Waingereza faini ni nzuri. Hujambo? Faini. Chakula kitamu? Faini. Umekubali jambo? Faini!"

Alilitamka kwa kubana pua. Arafa akamfyonya, kisha ghafla akaweka vibua chini.

"Ngoja. Siku ile mzungu wako alipolalamikia harufu ya papa wanaoanikwa na baba, baba alisemaje?"

"Kwamba atawahamishia mbali."

"Na mzungu akajibuje?"

"Alisema fai..." Ussi akajiziba mdomo.

"Kumbe alikubali! Wewe ukamwambia baba ametozwa!"

"Unguja nilijifunza faini ya adhabu tu, kipenzi. Hii nyingine nimeijua juzi."

"Juzi, na ukanyamaza! Na mbuzi wetu wa maziwa, aliyepelekwa kulipia faini?"

"Mzungu alidhani zawadi. Alishukuru sana."

"Wewe ulimla?"

"Maini tu."

Arafa akatema mate chini. Kinyaa kilimpanda mpaka kooni. Baba yake, mzee wa watu, haendi tena msikitini kwa aibu ya kuhukumiwa, na huyu na Kiingereza chake cha kuombea maji alikuwa akijilamba mafuta ya mbuzi wao! Na ndiye aliyekuwa akimwota!

"Ijumaa, watu wakitoka kuswali, simama useme yote. Usiposema, posa yako njoo uichukue."

"Watanicheka kisiwa kizima, Arafa!"

"Na wakucheke."

Ijumaa Arafa alijibanza nyuma ya ua wa jirani, karibu na msikiti. Ussi alisimama amevaa kanzu, akasema: Mzee Shamte hakuhukumiwa, kosa ni lake yeye, na maini alikula. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Mkalimani wa mbuzi!"

Hakukimbia. Alingoja wanyamaze, akaongozana nao hadi kwa Mzee Shamte, akambusu mkono mbele yao wote. Mzee alivaa kofia yake, akatoka nje kusalimiana na watu.

Arafa alipofika nyumbani, alimkuta Ussi mlangoni.

"Haya, nimekuwa kichekesho. Bado unaniona kinyaa?"

"Sana tu."

"Basi niende zangu?"

Arafa alimtazama alivyoshukwa na uso kwa aibu, akazidi kuudhika kuona bado anampenda.

"Mwambie mama yako aje kesho tupange siku ya harusi. Kinyaa kitanitoka humo humo ndani ya ndoa. Kisiponitoka, utajijua mwenyewe."